Nimebakiza Vifungo Tu

Msusi wa nyumba ya pili anasema aliona kwa macho yake mawili, na macho ya Msusi huona hata yaliyo nyuma ya ukuta. Anasema siku tatu kabla ya sikukuu alimkuta Fundi Cherehani amempigia magoti mtoto wake wa miaka saba, mikono kifuani, anamwomba ruhusa ya kushona magauni ya mteja. Mtoto akatikisa kichwa. Basi Fundi akainuka kama mtu aliyeota ndoto mbaya, akafungua kopo lake la hela, akamrudishia mteja fedha yake, na kitambaa kikiwa kizima, hakijaguswa na mkasi.

"Fundi gani anarudisha hela?" Msusi huuliza hapo, kichwa cha mtu kikiwa kimebanwa katikati ya magoti yake ili msikilizaji asipate pa kukimbilia. "Tena msimu wa sikukuu! Mle ndani mtoto ndiye mwenye nyumba. Mama ni mpangaji."

Ukiyachuja maneno ya Msusi kwa chujio la chai, yanabaki mawili ya kweli: magoti yalipigwa, na hela ilirudi. Mengine ni chumvi, na chumvi haijawahi kumwishia Msusi. Lakini Fundi mwenyewe akiulizwa haanzi na magoti. Huanza na kiti.

Kiti chenyewe kilikuwa chekundu, cha plastiki, cha watoto wa chekechea, kwenye chumba cha mshauri wa watoto pale kliniki. Kila mzazi alikalishwa humo ili macho yake yawe sawa na ya mtoto. Fundi hakuwa mwembamba. Kuingia aliingia, kutoka ndiko kulikohitaji msaada. Mara ya kwanza aliinuka nacho, akaenda nacho hatua mbili kuelekea mlangoni akiaga kwa heshima zote, mpaka binti yake alipomwambia, "Mama, kiti ni cha hapa."

Binti huyo mtaa mzima ulimwita Karani, kwa sababu hakuna neno lililowahi kusemwa mbele yake likapotea. Ukisema utampa embe Jumanne, Jumanne yupo mlangoni. Sifa nzuri kwa karani. Kwa mtoto wa fundi cherehani ni balaa.

Kilichowapeleka kliniki ni nywele. Karani alikuwa na kipara juu ya sikio la kulia, cha duara, saizi ya kifuniko cha soda. Aling'oa mwenyewe, unywele mmoja mmoja, kila alipoachwa akingoja. Mama akisema "nakwenda kununua uzi, nakuja sasa hivi", ile "sasa hivi" ikawa saa mbili, mkono wa mtoto ulipanda wenyewe sikioni. Miezi miwili Fundi alizifagia nywele zile pamoja na nyuzi na vipande vya nguo, akazitupa jaani, akilaumu uzi mweusi wa siku hizi kwamba unakatika ovyo. Alikwenda hata kumgombeza muuza uzi. Muuza uzi akaomba radhi.

Siku ya mwisho kabla ya kliniki kufungwa kwa likizo, mshauri alimkabidhi karatasi kubwa yenye vyumba ishirini na kimoja. Alikuwa dada kijana, anayesema polepole kama mtu anayemimina mafuta kwenye chupa yenye mdomo mdogo.

"Mama, tutaonana baada ya wiki tatu."

"Wiki tatu! Na sisi je?"

"Nyinyi mna kazi. Kila asubuhi mnaandika pamoja yatakayotokea siku hiyo. Jioni mnaweka alama kwa yaliyotokea. Usiandike usilo na hakika nalo. Na kwa mdomo pia, usimwahidi kitu ambacho usingethubutu kukiandika."

"Na kama sijui?"

"Unamwambia, sijui. Ukichelewa, unamwambia umechelewa na unamwomba radhi. Mkono ukipanda usimpige wala usimkaripie, mpe cha kushika. Huyu neno 'hapana' analiweza vizuri sana, mama. Kungoja ndiko kunakomla."

"Sawa, dada. Nitajitahidi."

Karani alikuwa sakafuni anachora nyumba. Hakuinua kichwa. "Hivyo ndivyo anavyowaambia wateja," alisema.

Mshauri aliangalia dirishani akakohoa kidogo. Fundi alitaka kuondoka kwa hasira lakini kiti kilimshika.

Sasa, kumwambia fundi cherehani asiahidi asicho na hakika nacho, tena msimu wa sikukuu, ni kumwambia kuku asichakure. Ufundi Fundi aliujifunza kwa shangazi yake, na somo la kwanza halikuwa kupiga mshono ulionyooka. Lilikuwa hili: mteja hafukuzwi. Mteja anachukuliwa vipimo, anapokewa kianzio, anaambiwa tarehe anayoitaka yeye. Akija tarehe hiyo anaambiwa njoo kesho. Akija kesho anaambiwa nimebakiza vifungo tu. Kwa miaka kumi na moja Fundi alikuwa amebakiza vifungo vya mtaa mzima, vikiwemo vya suruali za mpira na mashuka.

Mwaka huo alikuwa amepokea nguo kumi na tisa za sikukuu. Mashine yake moja, mikono miwili, na umeme wenye maamuzi yake.

Siku ya kwanza ya karatasi waliandika vizuri. Karani alishika kalamu, mama akataja. Uji. Kufua. Mama kwenda kununua vifungo, atarudi saa nne. Na kweli alirudi saa nne, akikimbia, jasho likimtiririka, amesahau vifungo. Lakini saa nne ilikuwa saa nne, na jioni waliweka alama, na mtoto akalala bila kugusa sikio.

Taabu ilianza siku ya tano, alipokuja Mama Mapacha. Alikuwa muuza mayai wa kona, mwenye mabinti wawili wanaofanana mpaka yeye mwenyewe huwaita kwa jina moja. Alitaka magauni mawili, ya mtindo mmoja, yenye marinda matatu.

"Fundi, za kazi? Magauni yangu yamefika wapi?"

"Aa, Mama Mapacha! Nimebakiza vifungo tu. Njoo kesho kutwa uyachukue."

Chini ya meza ya kukatia, Karani alikuwa anazungusha uzi kwenye kipande cha kadibodi, kile cha kushika alichoagizwa na mshauri. Akatoa kichwa.

"Mama, hujakata. Kitambaa umekilalia, kipo chini ya mto."

Wateja walikuwa watatu. Mmoja alicheka mpaka akaegemea pasi, bahati nzuri ilikuwa ya baridi. Fundi naye alicheka, lakini kicheko chake kilikuwa na pini ndani. "Watoto wa siku hizi," alisema, akimtazama mwanawe kwa jicho lile ambalo zamani lilitosha.

"Tena marinda matatu hayana vifungo," Karani akaongeza, kwa nia njema kabisa. "Yana zipu."

Mama Mapacha aliinama mpaka uso wake ukawa chini ya meza. "Hebu niambie wewe, mama. Lini?"

Karani alitoka, akaenda kwenye karatasi ukutani, akafuata vyumba kwa kidole. Alijua nguo zote zilizokuwa mbele. "Labda siku tatu kabla ya sikukuu. Lakini ni labda. Hatujaiandika."

Kuanzia siku hiyo wateja hawakumsalimia Fundi kwanza. Waliingia, wakainama chini ya meza. Yule mzee wa suti ya kijivu, mtu mzima na heshima zake, alipiga hodi kwenye mguu wa meza: "Shikamoo yako hiyo nimeipokea, Karani. Suti yangu?" Akaambiwa mkono mmoja haujatiwa, akashukuru, akaenda zake. Kwa miaka yote Fundi hakuwahi kuona mzee yule akiondoka bila kutukana. Ilimuuma. Watu wamdharau yeye mtu mzima na mashine yake, waje kuamini kitoto chenye pengo la meno mawili! Akajiuliza ni kitu gani mtoto anacho ambacho yeye hana, na kwa kuwa jibu lilikuwa linajulikana, akaacha kujiuliza, akatunga uzi.

Msusi naye hakukosekana. Alikuja na kitana chake kichwani, kikiwa kimechomekwa kama bendera.

"Shoga, mlete mtoto nimsuke, sikukuu hiyo. Hayo mapunye nitayafunika."

"Si mapunye."

"Kama si mapunye ni nini?"

Fundi angeweza kusema ni joto. Maji ya bomba. Alikuwa na uongo wa kuchagua, umekunjwa vizuri kama vitambaa dukani. Lakini chini ya meza uzi ulikuwa umeacha kuzunguka.

"Anang'oa mwenyewe. Akingoja sana. Nampeleka kwa mshauri."

"Mshauri?" Msusi alishika kiuno. "Mshauri wa nini? Mtoto ana ndoa?"

Hata Fundi alicheka, na chini ya meza pia kikasikika kicheko kidogo. Msusi akakaa, akamwita mtoto, akamtazama sikioni kwa mikono ambayo, kwa kweli, ilikuwa laini kuliko mdomo. Nywele zilikuwa zimeanza kutoka, fupi, kama vumbi la penseli. "Hizi zisisukwe," alisema. "Zikivutwa zitakufa. Ziacheni." Halafu akaenda kuwaambia wateja wake wote.

Siku ya kumi na moja ya karatasi, siku tatu kabla ya sikukuu, walikuwa wameandika: Mama kununua zipu mbili, kurudi saa tano. Magauni ya mapacha hayakuandikwa. Fundi alikuwa ameiona kalamu ikisubiri, akasema, "Tutaona," na Karani, ambaye alijua "tutaona" ni jamaa wa "vifungo tu", alifunika kalamu.

Zipu zilipatikana mara moja. Hapo Fundi angerudi. Lakini njiani ulikuwapo mlango wa fundi mwingine, yule mwenye kioo kirefu, na kwenye kioo akaona watu wamejaa, na katikati yao gauni lenye marinda ambalo, akiapa, lilikuwa mtindo wake. Akaingia kutazama tu. Akatazama mshono. Akaugeuza upindo. Akatoa maoni. Fundi mwenye kioo naye akatoa maoni juu ya maoni. Mpaka wanaamuliwa, ilikuwa saa sita na nusu, na Fundi alikuwa ameshinda kabisa ubishi ule, amethibitisha mbele ya halaiki kwamba mwenzake hajui kazi, kwa maana hamalizi nguo kwa wakati.

Alipokaribia nyumbani ndipo saa ilipomgonga kifuani. Alikimbia. Mlango ulikuwa wazi. Karani alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango, mgongo wima kama mtu anayengoja kuitwa ofisini. Kadibodi ya uzi ilikuwa imejaa, imezungushwa mpaka imepinda, hakuna pa kuongeza. Na mezani, juu ya mstari wa chaki, zilipangwa nywele nne.

"Nne tu," alisema Karani haraka. "Uzi uliisha. Nilijiambia zisizidi nne."

Siku kumi, tangu karatasi ianze, mkono ule ulikuwa haujapanda.

Fundi alipiga magoti. Hakuagizwa na mtu. Na akiwa chini pale, mdomo wake ukaanza kazi uliyoizoea: foleni, dukani hawakuwa na chenji, lori limeziba njia. Maneno yalikuwa yamekwisha panga mstari. Akayaona yanavyopendeza. Akayameza, na yalikuwa makubwa.

"Niliingia kwa yule mwenye kioo kubishana," alisema. "Nilisahau saa. Nimechelewa saa moja na nusu. Nisamehe, mama."

Karani alimtazama kama anayesoma namba ndogo kwenye futi. "Ulishinda?"

"Nilishinda."

"Haya."

Kivuli kikaingia mlangoni kabla ya mwenye kivuli. Mama Mapacha, kapu la mayai mkononi. Nyuma yake, mtaani, kichwa cha Msusi chenye kitana.

"Fundi, mbona chini? Unatafuta sindano? Nipe magauni yangu nikimbie, nimeacha meza peke yake."

Na hapo, akiwa bado magotini, Fundi akasikia ulimi unajipinda wenyewe kuelekea kwenye vifungo. Alitazama zile nywele nne. Kitambaa kilikuwa pale pale chini ya mto. Zilikuwa zimebaki siku tatu na nguo saba zilizokwisha katwa. Alihesabu kama Karani anavyohesabu, bila kuiombea hesabu itoke vizuri.

"Sijakata," alisema. "Na sitaweza kabla ya sikukuu. Chukua kitambaa chako, mama. Na hela yako."

Mtu akisema kweli mara ya kwanza baada ya miaka kumi na moja, hutarajia walau ashukuriwe. Mama Mapacha aliweka kapu chini.

"Sasa ndiyo unaniambia? Sasa? Wiki nzima mtu anakuja hapa, unamchekea! Ungesema Jumatatu ningepeleka kwingine! Nitampelekea fundi gani leo, na watoto wangu wawili watavaa nini, mayai?"

"Una haki."

"Haki siivai mwilini!"

Fundi akafungua kopo. Kianzio chake kilibaki nusu; nusu nyingine ilikwisha lipwa kliniki, kule kwenye kiti chekundu. Akatoa iliyokuwapo.

"Na iliyobaki?"

"Nitakuletea."

"Lini?"

Karani alikuwa ameshika kalamu. Fundi akatazama dari, akahesabu tena. "Sikukuu ikipita, siku ya nne. Mzee wa suti akinilipa. Asiponilipa, nitakuja siku hiyo hiyo nikwambie sina."

Mama Mapacha alichukua kitambaa, akakikung'uta kana kwamba kina kunguni, akatoka. Jioni ile ile wateja wengine wawili walikuja kuchukua vitambaa vyao, kwa tahadhari tu. Mtaa ulikuwa umekwisha pata habari kwamba Fundi ameanza kusema kweli, na hakuna aliyejua ugonjwa ule unaishia wapi.

Kesho yake asubuhi, siku mbili kabla ya sikukuu, nguo zikiwa zimepungua, waliandika siku nzima wakabakiza na nafasi. Uji. Suti ya mzee, mkono wa pili. Kuoga. Karani aliuliza kama wanaweza kuandika "kukaa". Wakaandika kukaa.

Walikuwa wamekaa kweli simu ilipolia. Baba. Baba alikuwa dereva wa lori la safari ndefu, mtu mkarimu, mwenye sauti ya kujaza chumba hata akiwa nchi ya tatu. Fundi aliweka simu mezani, sauti juu, mikono ikiwa na sindano.

"Mama Karani! Mwambie mtoto nakuja! Sikukuu nipo nyumbani!"

"Usiseme hivyo."

"Nisiseme vipi? Nimebakiza kuvuka mpaka tu!"

Sindano ilimchoma Fundi kidoleni. Aliijua sauti ile. Ilikuwa tamu, ilikuwa na nia njema tele, na isingefika. Akaona aibu kama mtu aliyekutana na nguo yake mbovu imevaliwa na mtu mwingine barabarani.

"Baba Karani, sikiliza. Mwezi wa nane ulisema Jumapili. Huyu alikaa mlangoni kutoka Jumapili mpaka Jumatano. Mshauri amesema tusimwambie..."

"Mshauri! Mtu baki anikataze kumwambia mwanangu nakuja? Basi niwe baba wa aina gani, nisimpe mtoto hata tumaini?"

Fundi alikata uzi kwa meno. Tumaini ndilo alilokuwa akiuza yeye mwenyewe, kwa kianzio.

Karani alikuwa amesogea. "Shikamoo baba."

"Marahaba mama yangu! Marahaba!"

"Uko wapi?"

"Mpakani, mwanangu. Malori yamejipanga kama siafu."

"Mbele yako yako mangapi?"

"Aa... kama arobaini hivi."

"Kwa siku yanapita mangapi?"

Injini ilinguruma upande wa pili. "Kumi. Siku nyingine kumi na mbili. Lakini yakianza kwenda, yanakwenda!"

Karani aliteremsha karatasi ukutani, akaitandaza mezani. Akachota vifungo kwenye kopo lao, vya kila rangi, akahesabu kumi, akaviweka kwenye chumba cha leo. Kumi kwenye kesho. Kumi kwenye sikukuu. Kumi kwenye siku ya baada yake. Alifanya polepole, na baba yake akasikia vifungo vikigonga meza.

"Nini hicho kinalia?"

"Malori," alisema Karani. "Sikukuu inapita, baba, na wewe bado hujavuka. Halafu kuna kuendesha."

"Nitafanya mpango, mama. Kuna mkubwa mmoja hapa, nikimwona nikamweleza..."

"Baba."

"Naam, mama yangu."

Karani aliinua simu kutoka mezani. Aliishika kwa mikono yote miwili, mdomo karibu, kama anayemnong'oneza mtu aliyelala.

"Sema huji. Sitalia. Sema tu 'siji', mama aandike."

Fundi alichukua kalamu. Kwenye simu palisikika mtu akigombea chenji, mlango wa lori ukifungwa, kisha pumzi za mwanamume mzima, nzito, zikienda na kurudi. Simu haikuwa imekatika. Kwenye kioo cha simu sekunde ziliendelea kuongezeka, na Karani alikuwa amesimama, anangoja, na hakuna mkono uliopanda sikioni.